Dollywood majira ya kuchipua: chagua wiki kabla hujanunua tiketi

Kila mwaka Januari ikielekea kwisha, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni akina mama wa Nashville, Louisville na Lexington, wengi wao wenye asili ya Kongo, Burundi na Tanzania, na swali lao huwa moja: "Dada, tiketi za Dollywood ni bei gani?" Mimi kazi yangu ni kupanga safari za familia huku mashariki ya Tennessee, na huwajibu kwa kuwauliza: mnakwenda wiki gani, na nani yumo garini? Bei utaiona mwenyewe mtandaoni kwa dakika moja. Wiki ndiyo itakayoamua kama watoto watacheza au watashinda chini ya paa wakingoja radi ipite.

Dollywood ni bustani ya burudani iliyoko Pigeon Forge, miguuni mwa Milima ya Great Smoky. Ilianza mwaka 1961 kama kivutio kidogo cha gari moshi, ikabadili wenyewe na majina, mpaka 1986 mwimbaji Dolly Parton, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo ya Sevier, alipoingia ubia na kuipa jina lake. Imejengwa bondeni, kwa hiyo njia zake hupanda na kushuka kutwa nzima. Kama bibi yupo safarini na magoti yanamsumbua, au kuna mtoto wa kusukumwa kwenye kigari, anza kufikiria habari hiyo tangu nyumbani.

Sasa wiki. Majira ya kuchipua huku yana sura tatu. Katikati ya Machi geti linapofunguliwa kwa msimu mpya, miti bado mitupu, na asubuhi baridi inaweza kukaribia nyuzi sifuri hata kama mchana utafika 15. Tena kuanzia hapo mpaka katikati ya Aprili shule za majimbo mbalimbali hufunga kwa zamu, na barabara ya Pigeon Forge hujaa magari kama Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Jumamosi ya kipindi hicho mimi sipeleki mtu.

Nusu ya pili ya Aprili maua yanafunguka, na hapo ndipo tamasha la maua na vyakula huanza, likaendelea hadi mwanzoni mwa Juni. Wanajenga sanamu kubwa kwa mimea hai, mmea mmoja mmoja. Mimi husimama kila mwaka mbele ya ile ya mama anayeshona koti la viraka. Ni mama yake Dolly, ambaye kweli alimshonea bintiye koti la vitambaa vilivyobaki kwa sababu fedha ya kununua haikuwapo. Aprili ina mvua za radi lakini, na radi ikisogea rolakosta zote, yaani vigari vya kasi vinavyopanda na kushuka relini, husimama. Mei kunakuwa na joto zuri la nyuzi 25 au zaidi, ingawa baridi inaweza kurudi ghafla siku mbili tatu. Wenyeji wa milima hii huipa baridi hiyo jina la mmea unaochanua wakati huo, kama wazee wetu walivyozijua mvua kwa majina.

Chaguo langu, ukinibana niseme moja: Alhamisi yoyote kati ya wiki ya mwisho ya Aprili na katikati ya Mei. Najua watoto wana shule. Alhamisi ikishindikana, basi waombee ruhusa ya Ijumaa moja, maana tofauti ya foleni kati ya Ijumaa na Jumamosi ni kubwa mno. Ila usikate shauri kabla hujatazama kalenda ya bustani yenyewe, kwa sababu majira haya kuna siku za katikati ya wiki ambazo geti halifunguliwi kabisa.

Wa Nashville, nisikilizeni vizuri hapa. Majira ya saa ya Pigeon Forge yako mbele ya yenu kwa saa moja. Ukishuka kutoka uwanda wa Cumberland ukielekea Knoxville, saa inaruka. Familia moja niliyoihudumia iliondoka saa moja asubuhi, ikijua itafika saa nne na nusu, geti likiwa limefunguliwa muda mfupi tu. Walifika saa tano na nusu ya huku, maegesho ya karibu yamejaa, watoto wana njaa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkishaingia Sevierville, achaneni na barabara kuu, fuateni Veterans Boulevard. Inawatoa karibu kabisa na Dollywood.

Wapimeni watoto urefu nyumbani. Big Bear Mountain, rolakosta iliyofunguliwa 2023, inampokea mtoto wa sentimita 99, na ni ndefu kuliko zote za hapo. Wild Eagle, rolakosta nyingine, inataka 127. Mtoto wa miaka saba aliyeahidiwa Wild Eagle kwa miezi miwili, kisha akarudishwa mbele ya kijiti cha kupimia, hulia kilio ambacho hakuna aiskrimu ya kukinyamazisha.

Chakula ni jambo ninalolisisitiza zaidi kwa wateja wangu Waislamu. Upishi wa kusini mwa Marekani hutia nyama ya nguruwe mahali ambapo sisi hatuitarajii: maharage, mboga za majani ambazo ni ndugu kabisa wa sukuma wiki yetu, hata mkate wa mahindi unaweza kuwa umepakwa mafuta yake. Sahani inaonekana kama ya nyumbani, na kumbe sivyo. Uliza kila mara, bila haya. Mkate wa mdalasini unaookwa kwenye kinu cha maji ni mtamu kweli. Nenda kaununue mapema kabla foleni haijazunguka jengo.

Kinu hicho kinasaga mahindi kweli, na hapohapo napenda kuwasimulia wageni habari ya unga. Dolly alizaliwa 1946, mtoto wa nne kati ya 12. Daktari aliyemzalisha, Robert F. Thomas, alilipwa gunia la unga wa mahindi. Ndani ya bustani kuna kanisa dogo lenye jina la daktari huyo, na kuna mfano wa kibanda ambamo familia ile yote ilibanana. Wazee wetu wakiingia hapo hunyamaza, kisha huanza kusimulia za kwao. Baba yake Dolly hakujua kusoma, na kwa ajili yake bintiye alianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwatumia watoto vitabu kwa posta. Kama unaishi Tennessee na una mtoto wa chini ya miaka mitano, mwandikishe. Kitabu kinakuja kila mwezi bila malipo.

Gari moshi linachoma makaa ya mawe hasa. Vichwa vyake vilifanya kazi Alaska wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Chembe za masizi hurushwa nyuma, kwa hiyo usivae nguo nyeupe, na mtoto asitoe kichwa nje.

Siku ya pili iacheni kwa ajili ya mlima. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains haitozi kiingilio, ila gari likisimama zaidi ya dakika 15 linahitaji kibandiko cha maegesho, dola 5 kwa siku. Pandeni hadi Newfound Gap, pito la mlimani lenye kimo cha mita 1,538. Ni kama kutoka Mombo kwenda Lushoto: chini unatokwa jasho, juu unatafuta sweta. Barabara ya Kuwohi, kilele cha mita 2,025, hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa tena Aprili mosi.

Na kama safari yenu itaangukia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, ombeni nafasi ya kuwaona vimulimuli wa Elkmont, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Maelfu yao huwaka kwa pamoja na kuzimika kwa pamoja, msitu mzima ukiingia gizani kwa sekunde kadhaa kabla ya kuwaka tena. Vibali vya magari hutolewa kwa bahati nasibu mtandaoni, wiki kadhaa kabla. Mkipata, chukueni mkeka na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, muimulike chini tu, na simu zizimwe.