ABS ya lori kuukuu: inafanya nini, na kwa nini ubovu wake huanzia kwenye gurudumu

ABS ni mfumo unaozuia gurudumu lisikabwe kabisa pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililokabwa halizunguki, linaburuzwa juu ya lami, na likishaburuzwa halifuati usukani tena. Dereva akate kushoto, akate kulia, lori linakwenda mbele vilevile. ABS hulegeza breki ya gurudumu hilo kwa kitambo kidogo mno lipate kuzunguka, kisha huibana tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Inachomhakikishia dereva ni usukani. Umbali wa kusimama ni jambo jingine, maana kwenye mchanga au kokoto zilizolegea unaweza hata kuongezeka.

Bosch na Mercedes-Benz waliuleta mfumo huu kwenye magari madogo mwaka 1978, na malori yakafuata miaka ya themanini. Kwa hiyo hata lori la zamani linaloshusha mzigo Malindi leo laweza kuwa nao, iwe mwenyewe anajua au hajui.

Sasa ABS inajuaje kwamba gurudumu limekabwa? Kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna pete ya chuma yenye meno, inayozunguka pamoja na gurudumu. Karibu na meno hayo hukaa sensa, ambayo kwenye malori ya zamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kila jino likipita, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Kompyuta ya ABS husoma umeme huo kutoka kila gurudumu na kulinganisha. Gurudumu moja likinyamaza ghafla wakati mengine yanazunguka, inahesabu kwamba limekabwa, na inaiamuru valvu iachie breki.

Hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Umeme wa sensa hupungua lori linapopunguza mwendo, na hupungua zaidi sensa ikiwa mbali na meno. Sensa iliyosogea kidogo tu husoma vizuri barabarani, lakini mwendo ukishuka chini ya kilomita 10 kwa saa hunyamaza kabla gurudumu halijasimama. Kompyuta inadhani gurudumu limekabwa, inaachia breki. Dereva yumo kusimama taratibu, mara pedali inatetema, au kwenye breki za upepo valvu zinapumua pup-pup, na lori linasogea mbele kidogo. Taa ya ABS huenda isiwake kabisa, kwa sababu kompyuta haikuona kosa lolote. Ukisikia dalili hii, usianze kubadilisha valvu wala kompyuta. Anza kwenye gurudumu.

Kinachoisogeza sensa huku kwetu mara nyingi ni kutu. Malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni hushinda kwenye vumbi la chumvi, na hata yasiyoibeba hupigwa na upepo wa bahari. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo ikiota chini ya sensa iliyofungwa kwa bolti huinyanyua kutoka mahali pake. Fungua sensa, kwangua kikalio chake mpaka chuma cheupe kionekane, piga msasa, kisha rudisha. Ukishaifungua, futa pia unga wa chuma ulionasa kwenye sumaku.

Malori mengi ya breki za upepo hayana bolti hapo. Sensa hushikwa na klipu ya springi. Inasukumwa kwa mkono mpaka iguse pete, halafu pete yenyewe huirudisha nyuma kiasi kinachotakiwa gurudumu likizunguka. Usiigonge kwa nyundo. Ikiwa baada ya siku chache imerudi nyuma tena, beringi za gurudumu zimelegea. Hapo kusukuma sensa ni kupoteza muda, na beringi iliyolegea ni hatari kubwa kuliko ABS iliyozimika.

Kupima si kazi ngumu. Nyanyua gurudumu kwa jeki na uweke stendi, chomoa plagi ya sensa, weka mita kwenye volti za AC, kisha zungusha kwa mkono nusu mzunguko kwa sekunde. Malori mengi hutaka isipungue volti 0.2. Mita ikionyesha vizuri hapo lakini umeme haufiki kwenye kompyuta, fuata waya, hasa pale unapopinda karibu na ekseli, na plagi zilizoota ukijani. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu hunyonya maji ya chumvi na kuoza upya. Uchomelewe kwa risasi na uzibwe.

Na taa isitolewe! Wako wanaochomoa balbu ili dereva asisumbuliwe, na jambo hilo linaniudhi kweli. Taa ikiwaka, breki za kawaida bado zinafanya kazi, ila ABS haipo. Dereva aliyezoea kukanyaga na kushikilia anastahili kujua hivyo kabla lami haijalowa mvua ya masika. Kwa kawaida taa huwaka ukifungua swichi kisha huzimika. Kwenye baadhi ya malori, baada ya kutengeneza sensa, haizimiki mpaka lori lipite mwendo wa kama kilomita 7 kwa saa, kwa hiyo liendeshe kidogo kabla ya kumlaumu fundi.

Sensa zote zikisoma sawa na taa bado inawaka, pima umeme unaofika kwenye kompyuta huku injini inafanya kazi. Fyuzi yenye kutu au waya wa bodi (ethi) uliolegea hushusha volti, nayo kompyuta hujizima. Safisha hivyo kwanza, ndipo uulize bei ya kompyuta nyingine.