Nishati sio pawa: kapasita ya kika inafanya kazi gani hasa

Kila mazungumzo ya roboti za kucheza mpira yakifika kwenye kika, yaani kifaa cha kupigia mpira, lazima atokee mtu aseme weka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuuachia haraka), betri haina nishati ya kupiga shuti la maana. Hii imerudiwa mno mpaka wanafunzi wanaiandika kwenye ripoti zao na hakuna anayewasahihisha.

Maana kwa haraka. Kika za siku hizi nyingi ni solenoidi, yaani koili ya waya wa shaba yenye chuma kinachoteleza katikati, umeme ukipita chuma kinavutwa na ncha yake inasukuma mpira. Nishati ni jumla ya kazi inayoweza kufanyika, tunaipima kwa juli. Pawa ni hiyo nishati inatoka haraka kiasi gani, juli ngapi kwa sekunde, ndo wati. Sisi mtaani vyote tunaviita nguvu, na hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia.

Sasa tupige hesabu. Kwenye RoboCup, mashindano ya kimataifa ya roboti, ligi ya Small Size, wanatumia mpira wa gofu wa rangi ya machungwa, gramu 46 hivi, na sheria haitaki shuti lizidi mita 6.5 kwa sekunde. Mpira huo kwa spidi hiyo umebeba karibu juli 1. Moja tu! Betri ya LiPo (aina ya lithiamu) ya seli 6, volti 22.2, miliampea-saa 1300, ina juli kama laki moja. Kapasita ya mikrofaradi 2200 (hicho ndo kipimo cha ukubwa wake) ukiichaji mpaka volti 200 ina juli 44. Sasa hapo mwenye nishati nyingi ni nani?

Shida ni muda. Chuma kikiwa na sentimita 2 tu za kuusukuma mpira, kuutoa kwenye kusimama mpaka mita 6.5 kwa sekunde kunachukua milisekunde 6 hivi, na koili nayo haikubali mkondo uruke juu ghafla, unapanda kwa mwendo wa volti gawanya kwa induktansi, yaani kiasi ambacho koili inapinga mkondo kubadilika, tunakipima kwa henri. Koili ya milihenri 5 ukiiunga kwenye betri moja kwa moja, mkondo unapanda ampea 4 na kitu kila milisekunde, tena huo ni mwanzo tu kabla ukinzani wa waya haujaanza kuubana. Ipe volti 200, unapanda ampea 40 kila milisekunde. Betri ina juli za kumwaga ila kwa volti zake hizo haiwezi kuzisukuma ndani ya koili kwa muda huo mfupi, kwa hiyo kuna saketi ya kupandisha volti inayochota polepole kutoka kwenye betri, tuseme wati 22 kwa sekunde 2, inajaza zile juli 44 kwenye kapasita, halafu swichi ikiwashwa zinatoka kwa kishindo. Ni kama manati, mkono unavuta taratibu, raba inaachia mara moja, na raba haijaongeza chochote ambacho mkono haukuweka.

Na juli 44 kwa shuti la juli 1 sio kosa la mahesabu. Sehemu kubwa ya kinachotoka inaishia kuwa joto kwenye waya, na swichi inakatwa mapema makusudi ili shuti lisivuke sheria, kinachobaki kinakaa humo humo kwenye kapasita. Ndo maana hata ukizima roboti usiguse zile waya, volti zinaweza kuwa bado zipo, weka rezista ya kuzimwaga na upime kwanza.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiona shuti ni dhaifu, kabla hujaenda kununua kapasita kubwa zaidi angalia volti na koili yako. Ukiongeza mikrofaradi kwa volti zile zile mkondo wa mwanzo unapanda vile vile, unachopata ni volti kutoshuka haraka katikati ya shuti. Na kwenye ripoti andika tu kwamba kapasita inatoa pawa ambayo betri haiwezi kuitoa kwa mpigo, nishati yenyewe imetoka kwenye betri.