Dawa za Kulevya Zinapoletwa Hadi Mlangoni

Mwendesha bodaboda anapata oda kwenye simu: achukue boksi la biskuti Sinza, alipeleke Mbezi. Anayemkabidhi hataji jina, nauli imeshalipwa mara mbili ya kawaida, na mpokeaji ametuma lokesheni tu. Ndani kuna biskuti kweli, ila zimepikwa kwa bangi. Akisimamishwa njiani, mzigo uko mikononi mwake. Mwenye mzigo anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na ujumbe wote umeshajifuta.

Ndivyo biashara hii inavyohama mijini, kutoka maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, kwenda kwenye simu. Ulaya ilitangulia. Mwaka 2018 utafiti wa kimataifa uitwao Global Drug Survey uliwauliza watumiaji wa kokeni huchukua muda gani kuletewa mzigo. Takriban asilimia 30 walisema wanaupata ndani ya dakika 30, ilhali waliosema pizza huwafikia kwa muda huo walikuwa asilimia 16.5. Wauzaji hawakuhitaji kubuni mtambo wowote. Walichukua WhatsApp, Telegram, malipo ya simu na vijana wa pikipiki, vilevile tunavyoagizia chakula cha mchana.

Kwa dereva, hatari ni kubwa kuliko ujira. Sheria ya Tanzania ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu usafirishaji kuwa sehemu ya biashara, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo, ndugu dereva, uliza jina na namba ya anayetuma, omba mzigo ufunguliwe mbele yako, na ukiona mtu anakwepa maswali huku anaongeza dau, mwachie mzigo wake.

Linalotuumiza zaidi sisi tunaohudumia waraibu ni upweke. Maskani ni mahali pabaya na sina nia ya kupasifia. Lakini pale mtu akizidisha dozi, kuna mwenzake wa kumtikisa na kupiga kelele. Waelimishaji rika walijua pa kumpata, wakakaa naye, wakarudi tena na tena mpaka akakubali kwenda kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Anayeletewa kete, yaani kipakiti cha heroini, chumbani hatumwoni. Mama yake yuko sebuleni anadhani mwanawe amelala.

Heroini hupunguza pumzi mpaka inakatika. Mtu anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo inabadilika rangi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, ukimwita haitiki. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, usimwache peke yake, mkimbize hospitali na umwambie daktari ukweli wa alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi, lakini lazima afikiwe mapema.

Biskuti za bangi zina mtego wake. Bangi inayoliwa huchelewa kupanda, pengine saa moja au mbili, kwa hiyo mlaji anaona hakuna kitu, anaongeza ya pili na ya tatu, kisha zote zinampanda pamoja. Mtoto akiikuta kabatini ataila kama biskuti nyingine yoyote.

Na picha nzuri kwenye simu haikuambii kilichomo. Marekani, vidonge bandia vinavyouzwa kupitia mitandao ya kijamii vinafanana kabisa na vya duka la dawa. Mwaka 2023 DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, lilisema vidonge 7 kati ya 10 vyenye fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini inayotengenezwa maabara, lilivyopima vilikuwa na kiwango kinachoweza kuua. Miligramu 2 za fentanili zinatosha kuua.

Mzazi, ukiona bodaboda wa usiku wanaokuja na bahasha ndogo, zungumza na mwanao kabla ya kumfokea. Akitishwa, ataendelea kutumia, ila atajificha zaidi. Kwa msaada Tanzania, piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya, 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Simu zote mbili ni za bure.