GPA Ndogo na Safari ya Kusomea PA Marekani: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Ada

Kila mwaka wapo vijana wenye moyo wa kazi ya tiba wanaokata tamaa kwa sababu ya GPA (wastani wa alama, ambapo A tupu ni 4.0) ya shahada ya kwanza, na wapo wengine wanaotumia maelfu ya dola kurudia masomo ambayo hayakuhitaji kurudiwa. Makundi yote mawili yamekosa kitu kimoja: hesabu.

PA (physician assistant) nchini Marekani ni mtaalamu wa afya anayepima wagonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa akishirikiana na daktari. Kwa kazi zake yuko karibu na ofisa tabibu wa Tanzania au Kenya, ila mafunzo yake ni ya shahada ya uzamili na huchukua takriban miezi 27. Programu nyingi zinataka GPA isiyopungua 3.0, na wanaochaguliwa kwa kawaida wako karibu na 3.6. Maombi yaliyo chini ya kiwango mara nyingi huchujwa kabla hayajasomwa na mtu yeyote.

Karibu maombi yote hupitia mfumo mmoja wa pamoja wa kupokea maombi ya PA unaoitwa CASPA, nao haufuati GPA iliyochapwa kwenye transkripti yako (hati ya matokeo ya chuo). Hukusanya kila somo ulilosoma katika kila chuo cha Marekani, pamoja na yale ya chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) uliyosoma ukiwa bado sekondari, kisha huhesabu upya. A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3. Krediti (vipimo vya uzito wa kila somo) za vyuo vya mihula ya robo mwaka huzidishwa kwa 0.667 ili zilingane na za mihula ya nusu mwaka. Hapa ndipo wengi hushtuka: chuo chako kinaweza kufuta alama ya zamani ukirudia somo, lakini CASPA haifuti. Ulipata F katika kemia ukarudia ukapata A, zote mbili zinahesabiwa, na wastani wa somo hilo ni 2.0. Ndiyo maana mtu mwenye 3.1 kwenye karatasi ya chuo anaweza kujikuta na 2.8 CASPA. Ijue namba hiyo leo, usisubiri siku ya kutuma maombi.

Chukua mfano wa mwenye krediti 120 na GPA ya 2.7. Zidisha, upate pointi 324. Ili afike 3.0, akipata A tupu, anahitaji krediti mpya 36. Akipata wastani wa A-, zinakuwa kama 52. Akipata wastani wa B+, anahitaji krediti 120, yaani shahada nyingine nzima. Tazama tofauti hiyo kwa makini. B+ ni alama nzuri kwa mtu mwingine yeyote, lakini kwa anayepanda kutoka chini inamla muda na fedha bila kumfikisha. Kwa hiyo swali la kwanza si "nichukue masomo mangapi?" bali "nikichukua mangapi kwa muhula nitaweza kupata A katika kila moja?"

Habari njema iko kwenye GPA ya sayansi, ambayo CASPA huitenga peke yake. Kama kati ya zile krediti 120 za sayansi ni 40 tu, kwa wastani wa 2.5, basi krediti 36 za sayansi zenye A zinaipandisha hadi 3.2. Msingi ukiwa mdogo, namba hupanda haraka. Vilevile CASPA huonyesha wastani wa kila hatua ya masomo, ukiwemo wa masomo uliyosoma baada ya kuhitimu, na programu kadhaa huangalia krediti 60 za mwisho. Kamati ikiona mtu aliyeanza na C akamaliza mihula mitatu mfululizo kwa A katika baiokemia, jenetiki na mikrobiolojia, ina jambo la kuzungumza.

Ushauri wetu kuhusu kurudia ni huu. D au F katika somo la lazima, rudia, kwa kuwa programu nyingi hazikubali chini ya C. C katika somo lisilo la lazima, liache. C katika anatomia na fiziolojia inastahili kufikiriwa, hasa kama somo limepita miaka mingi, maana baadhi ya programu huweka ukomo wa miaka 5, 7 au 10. Kwa masomo mengine, somo jipya la ngazi ya juu lenye A lina uzito kuliko somo la zamani lililorudiwa. Takwimu ni somo la lazima katika programu nyingi, ila CASPA huliweka upande wa hisabati, kwa hiyo halitaisaidia GPA ya sayansi.

Chuo cha jamii kinafaa, na kwa CASPA krediti zake zina thamani sawa na za chuo kikuu. Lakini uliza kwanza kila programu unayoitaka: wapo wasiokubali maabara za mtandaoni, na wapo wanaotaka masomo ya ngazi ya juu yatoke chuo cha miaka minne.

Kuhusu fedha, ipo mikopo ya serikali kuu kwa masomo ya maandalizi, kwa muda usiozidi miezi 12 mfululizo, lakini ni kwa masomo yanayotakiwa ili upokelewe. Masomo ya kupandisha GPA peke yake hayastahili mkopo huo. Shahada ya uzamili nayo wengi huikimbilia kama njia ya mkato: haigusi GPA ya shahada ya kwanza hata kidogo, na gharama yake ni kubwa.

Neno kwa waliosoma Dar es Salaam, Nairobi, Makerere au Lubumbashi kisha wakahamia Marekani. Masomo yenu hupelekwa kwa shirika la kutathmini vyeti vya nje ya Marekani kama WES, na kwa kawaida hayaingii kwenye GPA ya CASPA. Maana yake masomo ya kwanza mtakayochukua Marekani ndiyo GPA yenu yote. Krediti nane za kwanza zikiwa na C, mfumo utaonyesha 2.0. Wengi wenu mnafanya kazi za uuguzi msaidizi kwa zamu za usiku, na saa hizo za kuhudumia wagonjwa ni mtaji mkubwa wa maombi. Lakini saa 40 za kazi pamoja na masomo matatu yenye maabara ndiyo njia ya uhakika ya kupata C. Anzeni na masomo mawili, krediti 7 au 8, na mpunguze zamu muhula huo kama kodi ya nyumba inaruhusu. Likikuelemea somo, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho: W (alama ya kujitoa) haihesabiwi kwenye GPA, ingawa zikiwa nyingi zitaulizwa.

Dirisha la CASPA hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Usitume maombi alama zako bora zikiwa bado hazijatoka, kwa sababu GPA itakayohesabiwa ni ile ya masomo yaliyokamilika. Kama A za muhula wa majira ya kuchipua zinatoka Mei, subiri Mei, agiza transkripti mpya, kisha tuma.