Kipindi cha dakika 40, madaftari 90

Wiki iliyopita jirani yangu alinisimamisha dukani hapa Mbagala. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba. Binti yake yuko Darasa la V. Anatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri ili awahi namba ya kufagia, anarudi saa 10 jioni, na sasa wametangaziwa tuisheni ya shilingi 500 kwa siku, mpaka saa 12. Ampeleke? "Maana hizo saa za shuleni, mwalimu, mimi sioni zinakwenda wapi."

Nilifundisha shule za msingi huku Temeke, kisha nikahamia ukaguzi, ambao siku hizi wanauita uthibiti ubora, hadi nikastaafu. Mkaguzi hukaa dawati la nyuma. Ukikaa pale unaona kitu ambacho mwalimu aliye mbele hakioni: watoto wanaosubiri.

Kwenye karatasi muda umepangwa vizuri. Mwaka wa masomo una siku 194. Kipindi ni dakika 30 kwa Darasa la I na la II, na dakika 40 kuanzia la III. Sasa ingia kwenye kipindi cha Hisabati chenye watoto 90, idadi ambayo pembezoni mwa jiji hili haimshangazi mtu. Mwalimu anaingia, ubao unafutwa, watu wanatulia. Anafanya mfano mmoja, anaandika maswali matano, watoto wananakili. Kisha madaftari. Akitumia nusu dakika tu kwa kila daftari, hizo ni dakika 45. Kipindi kilikuwa cha 40, na bado hatujahesabu kufundisha.

Kwa hiyo madaftari yanabebwa kwenda ofisini na kusahihishwa wakati wa kipindi kinachofuata, ambacho mwalimu huyo alitakiwa awe darasa jingine. Darasa hilo linabaki na kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele. Watu wakisoma kwamba utafiti wa Benki ya Dunia katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulikuta mtoto anafundishwa chini ya saa 3 kwa siku, karibu nusu ya muda uliopangwa, wanadhani walimu wako kijiweni wanakunywa kahawa. Wapo wa hivyo, siwatetei. Lakini wengi niliowakuta nje ya darasa walikuwa shuleni, wameinamia rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi.

Siku moja niliamua kuachana na andalio la somo la mwalimu nikamfuatilia mtoto. Aliyekaa dirishani alimaliza maswali yote matano kabla wenzake hawajapiga mstari wa pambizo. Muda uliobaki alichora daladala nyuma ya daftari, ina mlango, ina konda ananing'inia, na ubavuni kaandika Mbagala–Kariakoo. Mwenzake wa pembeni alinakili kila kitu, hata kosa ambalo mwalimu alilifuta baadaye, kwa mwandiko ambao mimi sina. Nikamwomba anisomee swali la kwanza kwa sauti ndogo. Akaniangalia, akaangalia daftari, akanyamaza. Hajui kusoma. Kwenye mahudhurio wote wawili wamo, wote "wamesoma" dakika 40. Mmoja hakuwa na kipya cha kujifunza, na mwingine somo lilimpita juu ya kichwa.

Hapo ndipo saa zinapopotelea, na ndiyo maana nachoka nikisikia dawa ni kuongeza saa. Tuisheni ya jioni, masomo ya Jumamosi, kambi ya kujiandaa na mtihani wa Darasa la VII: mara nyingi ni ubao uleule na kunakili kulekule, ila sasa mtoto ana usingizi. Shule za mchepuo wa Kiingereza nazo zina ugonjwa huo, zimeuvisha tai tu.

Na sisi walimu tusijifanye watakatifu. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma watoto kuchota maji ya kumwagilia maua wakati wa kipindi, nikasema ni elimu ya kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipoandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamika kwamba shule ya msingi imegeuzwa kuwa maandalizi ya mtihani wa kuingia sekondari. Alitaka elimu hiyo ijitosheleze yenyewe. Sisi tukabaki na ndoo na jembe.

Yapo yaliyofanyika vizuri. Mwaka 2015 Darasa la I na la II walipunguziwa masomo ili nguvu iende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na nilikaa nyuma ya madarasa hayo nikaona tofauti: watoto walikuwa wanasoma, hawakuwa wananakili. Huko India, shirika la Pratham limewapanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, kwa muda mfupi tu wa siku. Asiyejua herufi anakaa na asiyejua herufi, hata kama mmoja yuko la III na mwingine la V. Hilo linawezekana hapa kesho asubuhi, halihitaji jengo. Linahitaji mwalimu mkuu asiyeogopa mgeni kukuta ratiba imepinda.

Sasa sera mpya inaifanya elimu ya msingi miaka 6, na mwaka 2027 wa Darasa la VI na wa la VII watamaliza pamoja. Wazazi wananiuliza kama watoto hawatapunjwa. Huwa nawajibu kwamba yule wa dirishani hatapunjwa chochote. Ninayemhofia ni mwenzake.

Shule inafanya kazi nyingine pia, sitaibeza: inamlinda mtoto wakati mama yuko Kariakoo anatafuta riziki. Jirani yangu ni mmoja wa hao. Kwa hiyo sikumwambia aache tuisheni. Nilimwomba aende siku moja akasimame mlangoni robo saa, ahesabu watoto, na aangalie wanafanya nini.

Jana jioni alipita kibarazani kwangu. "Sitini na wawili, mwalimu. Na wote walikuwa wananakili."