Nyuroblastoma: kwa nini kuuwahi uvimbe si lazima kumwokoa mtoto

Wazazi huniuliza: tungeuwahi uvimbe huu, mtoto si angepona? Kwa nyuroblastoma, saratani ninayoifanyia utafiti, jibu linategemea ni uvimbe wa aina gani.

Hutokana na seli changa ambazo mtoto akiwa tumboni zilipaswa kuwa neva za simpathetiki (zile zinazoendesha mambo yasiyo ya hiari kama mapigo ya moyo), zikakwama kabla ya kukomaa. Mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Seli hizo hutoa kemikali ambazo masalia yake huonekana kwenye mkojo, na kwa sababu hiyo Japani ilianza mwaka 1985 kupima mkojo wa watoto wa miezi 6 nchi nzima. Uvimbe mwingi uligunduliwa, watoto wakapasuliwa na kupewa dawa kali. Kisha, mwaka 2002, tafiti za Quebec, nchini Kanada, na Ujerumani zikaonyesha kuwa upimaji wa namna hiyo haupunguzi vifo. Japani ikausitisha mwaka 2004.

Uvimbe mwingi ulionaswa ulikuwa wa aina inayosinyaa na kutoweka wenyewe. Tangu 1971, madaktari D'Angio, Evans na Koop walikuwa wameeleza juu ya vichanga ambao saratani ilishafika kwenye ini na ngozi, na bado wengi wakapona. Aina inayoua ni nyingine kabisa. Katika takriban uvimbe mmoja kati ya mitano, jeni ya MYCN, ambayo kwa kawaida huwa na nakala mbili kwa kila seli, imejirudufu hadi makumi ya nakala, na seli hulazimika kugawanyika bila kukomaa.

Kwa hiyo leo tunasoma jeni kabla ya kuamua tiba. Kichanga mwenye uvimbe mdogo usio na dalili za hatari anaweza kufuatiliwa kwa altrasaundi tu. Najua ilivyo vigumu kwa mzazi kuambiwa tusubiri, lakini naamini kumwepusha mtoto na kisu asichokihitaji ni tiba kamili.

Mwenye hatari kubwa hupata kila tulicho nacho: tibakemikali, upasuaji, mionzi, kurudishiwa seli shina zake mwenyewe zinazozalisha damu, kisha dawa ya jamii ya vitamini A inayozisukuma seli zilizobaki zikomae. Juu yake huja kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoishambulia GD2, molekuli iliyojaa juu ya seli hizi. Katika utafiti wa 2010, miaka miwili baadaye asilimia 66 ya waliopewa tiba ya kinga yenye kingamwili hiyo hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, dhidi ya 46 ya wasioipata. Bahati mbaya GD2 ipo pia kwenye neva za maumivu. Mtoto huumia sana, na morfini au dawa kama hiyo lazima iandamane nayo.

MYCN yenyewe bado inatushinda. Protini yake haina mfuko ambao dawa ingejishika, hivyo maabara nyingi huizungukia: zinalenga Aurora A, kimeng'enya kinachoilinda isivunjwe, au ALK, jeni ambayo mwaka 2008 iligundulika kuhusika na nyuroblastoma ya kurithi na ambayo tayari ina dawa za kuizuia.