Big Brother: Kura Inavyohesabiwa na Maneno Yanavyokatwa

Mtanzania Idris Sultan aliposhinda Big Brother Hotshots, msimu wa Big Brother Africa, shindano la runinga la watu waliofungiwa katika jumba moja wakirekodiwa, mwezi Desemba 2014 na kuondoka na dola 300,000 za Marekani, wengi nchini Tanzania waliamini wingi wa kura za Watanzania ndio uliomfikisha. Hesabu ya Big Brother Africa haikwenda hivyo. Kila nchi yenye mshiriki ilibeba kura moja, na aliyeongoza katika nchi hiyo ndiye aliyeichukua. Nchi nyingine zote za Afrika zilijumlishwa zikapata kura moja. Mtu wa Mbagala aliyetuma jumbe 100 wakati Tanzania imeshaegemea kwa Idris alipunguza salio lake tu. Ushindi ulitoka kwa mashabiki wa nchi nyingine.

Kinachoumiza watu zaidi ni uhariri. Jumbani kamera hukaa nyuma ya vioo na kila mshiriki huvaa maikrofoni, mchana na usiku. Saa 24 za watu zaidi ya kumi hubanwa ziwe kipindi kifupi cha jioni. Mshiriki akisema, "Sina tatizo naye, ila jana alinikera, tukayamaliza," mhariri anaweza kubakiza "alinikera" peke yake, kisha akabandika uso wa mwenzake aliyekunja ndita kwa sababu nyingine kabisa.

Mkato huo una alama zake. Sauti inasikika huku skrini ikionyesha kisogo, mlango au sufuria jikoni: mdomo umefichwa. Sentensi inaishia na sauti ikiwa juu, kama vile msemaji alikuwa bado anaendelea. Muziki au mvumo wa feni nyuma ya maneno unakatika ghafla. Glasi iliyokuwa nusu imejaa tena, au mshiriki aliyekuwa na kilemba sasa yuko kichwa wazi. Rudia kipande hicho ukiwa umefumba macho. Sikio hunasa mahali vipande vilipoungwa ambapo jicho limepapita. Fanya hivyo kabla ya kumtukana mtoto wa watu mtandaoni, maana mama yake naye anasoma.

Kwa anayetaka kushiriki shindano lolote la aina hii: soma mkataba na wakili kabla ya usaili wa mwisho, si usiku wa kuamkia safari. Tafuta vifungu vitatu: haki ya kituo kuhariri maneno yako, muda utakaozuiwa kufanya kazi na wengine, na nani atamiliki nyimbo au vichekesho utakavyotunga ukiwa ndani. Hicho cha tatu ndicho vijana hukiruka, na ndicho kinachodumu baada ya taa kuzimwa.